Kuhariri kwa ajili ya televisheni: CapCut, iMovie na Final Cut Pro, DaVinci Resolve au Premiere Pro?

Kazi yangu ya kwanza kupeleka kwenye kituo cha televisheni ilirudishwa siku hiyohiyo. Ilikuwa makala ya dakika 26 kuhusu wavuvi wa dagaa. Nilikuwa nimeihariri kwa wiki tatu kwenye programu nyepesi niliyoizoea, na kwenye kompyuta yangu ilionekana safi kabisa. Karatasi iliyorudi nayo ilikuwa na mistari mitatu: sauti iko juu mno, fremu ni 30 badala ya 25, faili si la aina inayopokelewa. Juu ya hadithi, picha na mpangilio hawakuandika hata neno. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu sikuuliza kituo kinataka nini kabla ya kuanza.

Tangu hapo vijana wengi wanaotoka YouTube na TikTok wakielekea kwenye runinga wameniuliza swali moja: je, programu hizi rahisi zinafaa kazi ya televisheni, au ni lazima mtu ahamie kwenye za wakubwa? Jibu langu huanzia mlangoni mwa kituo. Mtazamaji aliyekaa sebuleni kwake Mbeya au Kisumu hajui ulitumia programu gani, lakini fundi anayepokea faili lako anayo orodha ya vipimo, na faili linapita au halipiti. Kwa hiyo nitaziweka njia nne mbele ya mlango huo na kuzipima kwa vipimo vilevile.

Njia zenyewe ni CapCut, familia ya Apple, yaani iMovie pamoja na kaka yake Final Cut Pro, DaVinci Resolve, na Premiere Pro. Vipimo ni saba: fremu, sauti, rangi, faili la kukabidhi, kazi ya pamoja, haki za vilivyomo ndani, na gharama. Havina uzito sawa. Viwili vya mwanzo ndivyo vinavyorudisha kazi nyingi nilizoziona, kwa hiyo nitakaa navyo zaidi.

Fremu

Televisheni yetu Afrika Mashariki ilirithi mfumo wa utangazaji uitwao PAL: fremu, yaani picha moja moja, 25 kwa sekunde, sambamba na umeme wetu wa hezi 50. Simu nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimewekwa fremu 30. Ukiiweka klipu ya 30 kwenye taimlaini (ule mstari wa kupangia klipu) ya 25, programu inalazimika kutupa fremu 5 kila sekunde, na mtu akitembea au kamera ikigeuka, picha inarukaruka. Kwenye kioo cha simu huenda usione. Kwenye runinga ya inchi 50 utaona, na fundi wa kituo ataona kabla yako.

Kuna tatizo jingine linalojificha zaidi. Simu hazishiki mwendo mmoja. Mwanga ukipungua fremu nazo hupungua, mwanga ukirudi zinaongezeka, na mahojiano yakifika dakika ya kumi mdomo na sauti vimeanza kupishana. Hakuna programu inayotibu hili vizuri kuliko kuliepuka wakati wa kurekodi. Kwenye iPhone, ingia kwenye mipangilio ya kamera uwashe chaguo la kuonyesha fomati za PAL, kisha uchague fremu 25. Kwa simu nyingine, programu ya Blackmagic Camera ni ya bure na ipo kwa iPhone na Android. Nayo hukuruhusu kufunga idadi ya fremu na kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga. Shata ya 1/50 pia itakuondolea ule mpapatiko wa taa unaoharibu picha za ndani.

Tuje kwenye programu. CapCut ina fremu 25 na 50 katika orodha yake ya kutolea video, jambo ambalo wengi hawalijui kwa sababu hawajawahi kugusa ile 30 inayokuja yenyewe. iMovie haikuulizi: inafuata klipu ya kwanza unayoiweka, kwa hiyo hakikisha klipu ya kwanza ni ya 25, la sivyo mradi mzima umeshakwenda kombo. Final Cut Pro, Resolve na Premiere zinakupa nafasi ya kuamua mwenyewe mwanzoni. Resolve inasumbuka na klipu za simu zenye fremu zisizotulia. Premiere imekuwa ikizisoma tangu 2018, ila mimi bado huzibadilisha kwanza ziwe na mwendo mmoja.

Vituo vingine bado vinataka 1080i50, ambapo kila fremu imegawanywa nusu mbili, mistari ya witiri na mistari ya shufwa, ili jicho lipate miondoko 50 kwa sekunde. CapCut na iMovie hazitoi picha ya namna hiyo. Nyingine zinatoa. Lakini usikate tamaa mapema. Makala au mahojiano ya fremu 25 nzima yanaweza kufungwa ndani ya faili la 1080i50 bila madhara, kwa kuwa nusu zote mbili zinatoka kwenye fremu moja. Penye mwendo wa kasi, kama mpira wa miguu au maandishi yanayotambaa chini ya kioo, toa fremu 50 kisha zigeuze. Kuna programu ya bure iitwayo Shutter Encoder inayofanya ugeuzaji huo, na nitairudia hapa chini maana imeokoa kazi zangu nyingi.

Sauti

Hapa ndipo watu wa mitandaoni wanapojikwaa zaidi. Mwaka 2010 umoja wa mashirika ya utangazaji ya Ulaya, EBU, ulitoa pendekezo namba R 128: kipindi kizima kiwe na wastani wa ukubwa wa sauti wa −23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), na kilele cha sauti kisizidi −1 dBTP (kipimo cha vilele hivyo). Lengo lilikuwa kumpumzisha mtazamaji anayerukia rimoti kila tangazo linapoingia. Vituo vingi nje ya Ulaya vimekiazima kipimo hicho. YouTube kwa upande wake husawazisha sauti karibu na −14 LUFS. Tofauti ni desibeli 9. Ukihariri kwa masikio ya YouTube ukapeleka kituoni, umepeleka kelele.

CapCut ina kitufe cha kusawazisha sauti za klipu, ila haikupi mita ya kupima kipindi kizima kutoka mwanzo hadi mwisho. iMovie ni hivyohivyo. Final Cut Pro ina zana nzuri za kusafisha sauti, na mita ya LUFS unaweza kuiongeza kwa programu-jalizi; Youlean Loudness Meter ina toleo la bure linalotosha. Premiere ina mita yake, na paneli yake ya sauti ukiiambia klipu fulani ni mazungumzo inaipeleka yenyewe kwenye −23. Resolve ndiyo iliyobarikiwa zaidi kwenye kipimo hiki. Ndani yake kuna ukurasa mzima wa Fairlight, kampuni ya vifaa vya sauti ambayo Blackmagic Design, wenye Resolve, waliinunua mwaka 2016, na mita ya R 128 ipo hata kwenye toleo la bure.

Kuna la pili kuhusu sauti: mpangilio wa chaneli. Kituo kinaweza kukutaka uweke sauti kamili kwenye chaneli 1 na 2, na muziki pamoja na sauti za mazingira, bila msimulizi, kwenye 3 na 4. Sababu ni ya maana sana kwetu. Makala ya Kiswahili ikinunuliwa ikasimuliwe upya kwa Kifaransa kule Kongo au Burundi, mnunuzi anahitaji mawimbi na ngoma bila sauti ya msimulizi wako juu yake. CapCut na iMovie hutoa stereo moja tu. Tatu zilizobaki zinaweza kutenganisha.

Rangi na mwanga

Televisheni ya kawaida hufuata kiwango cha rangi kiitwacho Rec. 709, na mwanga una mipaka: katika biti 8, ambapo ngazi za mwanga huhesabiwa 0 hadi 255, weusi unaanzia 16 na weupe unaishia 235. Shati jeupe lililochomwa na jua la saa saba linaweza kuvuka mpaka huo bila wewe kujua. Final Cut Pro, Premiere na Resolve zina grafu za mawimbi zinazokuonyesha pale unapovuka, na kila moja ina njia ya kukubana urudi ndani ya mipaka. iMovie inakuachia jicho lako na kioo cha kompyuta ambacho hakijawahi kupimwa.

Nionye pia juu ya HDR, picha yenye upana mkubwa wa mwanga na rangi kuliko ya kawaida. Tangu iPhone 12 ya mwaka 2020, simu hizo hurekodi HDR zenyewe usipoizima. Picha hiyo ikiingia kwenye taimlaini ya kawaida bila kugeuzwa, nyuso zinapauka na anga linakuwa karatasi. Izime kabla ya kurekodi.

Kwa kupaka rangi kama sanaa, Resolve haina mpinzani kati ya hizi nne. Ilizaliwa kuwa mashine ya rangi kabla haijawa ya kuhariri.

Faili la kukabidhi

Kituo kinaweza kukutaka faili la MXF, aina ya faili la kitaalamu la utangazaji, lenye video iliyobanwa kwa XDCAM HD422 ya megabiti 50 kwa sekunde. Dakika 26 za aina hiyo ni zaidi kidogo ya GB 10, wakati MP4 uliyozoea kuipakia mtandaoni yaweza kuwa GB 2. Panga bando lako, au beba diski.

Premiere inalo faili hilo kwenye orodha yake tayari. Final Cut Pro hulifikia kupitia mfumo wake wa kuzipa klipu majukumu, yaani mazungumzo, muziki, sauti za mazingira, ukiwa umeweka kifurushi cha fomati za kitaalamu cha Apple. Resolve hutoa MXF, ila soma kwa makini kodeki, yaani njia za kubana video, ambazo toleo lako linaruhusu. iMovie haina MXF, lakini inatoa ProRes, kodeki ya Apple isiyobana picha sana, ambayo ni malighafi bora ya kugeuza. CapCut hutoa MP4 na MOV.

Shutter Encoder inapokea chochote kati ya hivyo na kukupa XDCAM HD422, na inapima sauti papo hapo. Ila elewa mpaka wake: kugeuza faili hakurudishi kilichopotea. Video iliyokwisha kubanwa sana itabaki na madoa yake hata ukiivika MXF.

Kufanya kazi na wengine

Mwezi Juni 2011 Apple ilitoa Final Cut Pro X, imeandikwa upya kutoka msingi. Watu wa televisheni walikasirika, wengi wakaiita iMovie iliyovimba. Ukisoma walichokilalamikia utaona somo: haikufungua miradi ya toleo lililotangulia, haikuwa na XML ya kupeleka kazi kwenye programu nyingine, haikuhariri kamera nyingi kwa pamoja, haikutoa picha kwenye monita ya studio. XML ilirudi Septemba mwaka huohuo. Kamera nyingi na monita zikafika Januari 2012. Kukata na kuunga picha kulikuwa kwepesi tangu siku ya kwanza. Walichokikosa ni milango ya kupasiana kazi.

Kwa kipimo hicho, CapCut ndiyo iliyofungwa zaidi. Haikupi XML wala AAF ya kumpelekea mtu wa sauti au wa rangi, kwa hiyo ulipoanzia ndipo utakapomalizia. iMovie ina mlango mmoja, lakini ni mzuri: mradi wako unatumwa Final Cut Pro kama ulivyo, nawe unaendelea. Maktaba ya Final Cut yenyewe hufunguliwa na mtu mmoja kwa wakati. Premiere, tangu 2020, ina utaratibu wa kugawa uzalishaji mkubwa katika miradi midogo inayofungwa mtu mmoja anapoifanyia kazi. Resolve inaruhusu wahariri kadhaa ndani ya mradi mmoja, hata kwenye toleo la bure.

Usishangae ukiingia kituo kikubwa ukakuta Avid Media Composer, iliyoanza mwaka 1989, bado imekalia chumba cha kuhariri. Wahariri ishirini wakichota kwenye hifadhi moja bila kufutiana kazi ni jambo ambalo Avid ililimaliza zamani.

Haki na usalama wa picha

Muziki na violezo vya CapCut vimetolewa kwa masharti yake, na wimbo unaoruhusiwa TikTok haujaruhusiwa kwa sababu hiyo kurushwa kwenye televisheni. Kituo kitakuuliza kibali, na ofisi za hakimiliki, COSOTA Tanzania na KECOBO Kenya, zipo kwa ajili ya wasanii hao. Sauti zinazokuja na programu za Apple leseni yake inakuruhusu kuzitumia ndani ya kazi yako, hata ya kurushwa hewani, mradi usizigawe zenyewe kama zilivyo. Kwa Resolve na Premiere, hesabu kwamba muziki ni jukumu lako mwenyewe.

Jingine linanigusa kama mtu wa makala. Programu inayohifadhi miradi mtandaoni imebeba sura za watu wako kwenda kwenye kompyuta za mtu mwingine. Kama umemhoji mfanyakazi wa ndani aliyeomba sura yake ifichwe, ile klipu ambayo haijafichwa isipande mtandaoni kamwe, kwa programu yoyote. Tena huduma inaweza kukatika: Januari 2025 CapCut ilizimwa Marekani pamoja na TikTok, sheria ya huko ilipoanza kufanya kazi, kabla ya kurejea. Mwenye kipindi cha kila wiki asiweke mayai yote humo.

Gharama na kompyuta

CapCut ni ya bure, na vitu vizuri vinazidi kuhamia kwenye toleo la kulipia. Inakubali kompyuta dhaifu, na hilo ni jambo kubwa kwa anayeanza. iMovie ni bure kwa mwenye Mac. Final Cut Pro imekuwa ikiuzwa mara moja kwa dola 299.99, na bila Mac hakuna. Resolve ni ya bure, na toleo la Studio ni dola 295 mara moja, lakini inadai: kumbukumbu (RAM) ya GB 16 na kadi ya grafiki inayojitegemea, la sivyo utakuwa unahariri huku unangoja. Toleo lake la bure kwenye Windows pia hukataa baadhi ya video za biti 10 kutoka kamera mpya. Premiere hulipiwa kila mwezi, takriban dola 23 kwa mkataba wa mwaka. Ukiacha kulipa, miradi yako ipo lakini huifungui.

Kila moja inamfaa nani

CapCut inamfaa mwandishi wa habari aliye eneo la tukio anayetakiwa kutuma sekunde 90 kabla ya taarifa ya saa mbili, na anayetengeneza vipande vya kutangazia kipindi mitandaoni. Familia ya Apple inamfaa mtu mmoja anayefanya kila kitu mwenyewe na anayethamini kasi kuliko kupasiana. Resolve inamfaa mwenye mashine imara na subira ya kujifunza, hasa anayetengeneza makala au tamthilia ambazo rangi na sauti zina uzito. Premiere inamfaa anayepokea na kutoa kazi kwa watu wengi, kwa kuwa wengi wanaijua na inakula karibu kila aina ya faili.

Ukiwa katika hali hii

Umepata nafasi ya kupeleka kipindi kituoni kwa mara ya kwanza: kabla ya kufungua programu yoyote, omba karatasi ya masharti ya kiufundi. Uliza fremu, nusu-fremu au fremu nzima, LUFS, chaneli za sauti, aina ya faili. Kisha peleka dakika moja ya majaribio. Fundi wa kituo huwa anafurahi kuikagua mapema kuliko kukurudishia dakika 26.

Unafanya habari za kila siku na simu: hakuna aibu. Léman Bleu, kituo cha Geneva, kiliwapa waandishi wake iPhone za kurekodia habari mwaka 2015. Rekodi fremu 25, zima HDR, tumia maikrofoni ya nje, hariri kwenye CapCut au iMovie bila muziki wa ndani ya programu, na uiachie studio ipime sauti.

Una kompyuta yenye RAM ya GB 8 na mkataba wa vipindi sita: usijilazimishe kuingia Resolve katikati ya tarehe za mwisho. Hariri kwenye unachokijua, toa faili lenye ubora wa juu kabisa linalowezekana, geuza na upime kwa Shutter Encoder. Malipo ya kwanza yakiingia, anza na kumbukumbu ya kompyuta kabla ya programu.

Tamthilia yako inakwenda kwa mtu wa sauti Nairobi na wa rangi Dar: chagua Premiere au Resolve tangu siku ya kwanza. Kuhama katikati ya mfululizo kutakula muda zaidi ya wote uliookoa.

Una Mac, unafanya kazi peke yako, na iMovie imeanza kukubana: tuma mradi wako Final Cut Pro, weka mita ya LUFS, na usome kuhusu majukumu ya klipu kabla hujakata picha ya kwanza. Siku kituo kitakapokuomba muziki uliotenganishwa na msimulizi, utakuwa umeshautenganisha.